Mungu wa kwenye daftari hamtishi mtu

Kuna kijana mmoja wa hapa Ngamiani, Tanga, kamaliza kidato cha nne mwaka juzi, anaandika riwaya ya fantasia kwa Kiswahili, dunia nzima kaibuni mwenyewe kuanzia bahari mpaka sarafu wanazotumia sokoni. Kila Jumamosi baada ya Isha tunakaa barazani kwetu watu kama watano hivi, kahawa ipo, kashata zipo, tunasomeana tulichoandika. Sasa wiki moja kaja na kaunta buku zima limejaa miungu. Miungu 12, kila mmoja na ukurasa wake na picha kachora kwa mkono, na kachora vizuri kweli. Mungu wa bahari kampa umbo la silikanti na hilo nililipenda mno, maana silikanti ni samaki wetu, wanasayansi walikuwa wanamjua kwenye mawe tu wakaandika kwamba kaisha pamoja na dinosaria, mpaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini, na kwetu Tanga miaka ya 2000 wavuvi wakawa wanamtoa kwenye nyavu za kina kirefu mpaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Samaki ambaye wasomi walishamzika halafu akarudi, mchana anajificha kwenye mapango ya chini kabisa huko, huyo kumpa uungu ni akili kubwa. Ila chini ya picha kaandika hivi: Nguvu 95. Hekima 80. Kasi 60. Udhaifu: radi.

Akaniuliza, "Kaka, huyu akipigana na mungu wa radi unaona nani atashinda?"

Nilikaa kimya kidogo. Nimekulia katikati ya watu wanaoogopa visivyoonekana, nyumba yetu yenyewe ilikuwa na mambo yake ntayasema mbele, na katika umri wangu wote sijamsikia mtu hata mmoja akiuliza swali hilo. Watu huuliza anataka nini. Huuliza tumemkosea wapi. Huuliza ni lini inabidi tumrudie. Nani atashinda? Hilo ni swali la uwanja wa mpira wa Mkwakwani Jumapili jioni.

Hizo namba zina asili yake na si vibaya kuijua. Gemu la Dungeons & Dragons lilitoka Marekani 1974, na lenyewe lilizaliwa kwenye michezo ya vita vya mezani, ile ya kupanga wanajeshi wadogo wadogo na kurusha dadu. Kwenye mchezo wa vita kila kitu lazima kihesabike, askari ana pointi zake, farasi ana zake, ukuta nao una zake. Basi miaka 2 tu baadae, 1976, kikatoka kitabu chao cha nyongeza ambacho miungu ya Wagiriki, ya Misri ya kale na ya watu wa kaskazini ya Ulaya ikapewa pointi za uhai kama wale wale askari, kwa hiyo Zeus ukimfyeka vya kutosha anaanguka. Mimi siwalaumu. Watu watano wamekaa mezani na dadu zao, mmoja kasema nampiga upanga mungu, lazima kuwe na jibu. Shida inaanza pale mwandishi wa riwaya ambaye hana dadu mezani wala hana mtu wa kumjibu anapobeba hesabu ile ile akaileta kwenye hadithi, halafu anashangaa kwa nini msomaji akifika kwenye ukurasa wa mungu hasisimki.

Nendeni Amboni. Kutoka mjini ni kilomita kama 8 tu barabara ya kwenda Horohoro, bodaboda anakufikisha. Ni mapango ya mawe ya chokaa, giza la kweli, popo juu, na humo ndani kuna mahali pa mzimu, watu wa makabila ya huku wamepaendea vizazi na vizazi kuomba mtoto, kuomba kupona, kuomba mambo yafunguke. Utakuta chupa za marashi, utakuta sarafu. Waongozaji watakusimulia mengi, ya Osale Otango na mwenzake waliokuwa wakijificha humo serikali ya mkoloni ikiwasaka, na ya yule mbwa aliyeingia pangoni hapa Tanga akaja kutokea kule Kilimanjaro. Sasa angalia katika yote hayo ni nini hakisemwi. Hakuna anayekuelezea mzimu una sura gani, una urefu gani, una uwezo wa kufanya kitu gani na kitu gani hauwezi. Ukubwa wote wa kile kitu umebebwa na pango, na mbwa aliyepotea, na ile chupa ambayo mtu kaiweka chini kwa mikono miwili akaondoka bila kugeuka.

Na Kiswahili chenyewe kina jambo hapo. Mzee akisema fulani kapeleka nadhiri kwenye mzimu, mzimu ni mahali. Akisema mizimu imekasirika, mizimu ni wao, wenye mahali. Neno ni moja. Anayekaa na anapokaa havikutenganishwa. Mwandishi wa fantasia akilishika hilo tu basi nusu ya kazi kamaliza, kwa sababu hatahitaji tena kumpa mungu wake wasifu kama mtu anayeomba kazi, atahitaji kizingiti. Nani anaruhusiwa kukivuka, anavuka na nini mkononi, akiwa ndani asiseme neno gani, na akishapata alichoomba asiporudi kulipa inakuwaje.

Kwa hiyo msimamo wangu ndo huu na nimeubishania sana pale barazani: ibada iandike mpaka chembe ya mwisho, mungu mwenyewe muache gizani. Waandishi wetu wengi wanafanya kinyume. Mungu anaelezwa kurasa nne, kazaliwa vipi, kamuoa nani, kagombana na nani, halafu ibada yake ni mstari mmoja, "watu wakapiga magoti wakaomba." Wakaomba nini? Kwa maneno ya nani? Magoti wanapiga wote au wanawake wanakaa upande?

Sasa ya nyumbani kwetu. Nilikuwa na miaka 9 hivi shangazi yangu alipoanza kuumwa ule ugonjwa ambao hospitali wakipima hawaoni kitu. Mwisho akaitwa fundi wa pepo, mama mmoja mtu mzima, mpole sana, akaweka ubani, ngoma zikapigwa usiku tatu. Nilichungulia. Shangazi alipopandisha pepo, watu hawakumwita tena jina lake, alikuwa kiti, yaani mtu ni kiti na aliyekuja ndo mwenye kukaa, na fundi akamkaribisha yule mgeni kwa adabu zote kisha akamuuliza taratibu, "Watokea wapi? Wataka nini kwa kiti chako?" Wakaanza kupatana. Mgeni anataka kitambaa chekundu na pete ya fedha, fundi anasema pete hii familia haina uwezo kwa sasa, tupe muda mpaka mavuno ya karafuu shemeji yao atoke Pemba, mgeni anakataa, fundi anambembeleza. Ilichukua usiku mzima. Na kila mtu mle ndani alijua utaratibu wake, kwamba pepo wa kiarabu ana ngoma yake na pepo wa kimasai ana yake, huyu apendaye udi na marashi si yule, chano, yaani sinia la vitu vya kumpa, cha huyu kina halua na cha yule hakina, ukikosea umeharibu.

Lakini uliza pepo ni kitu gani! Mwalimu wetu wa madrasa alisema ni jini na kumfanyia ngoma ni haramu. Fundi alisema ni wa ukoo, alikuwa kwa bibi akahamia kwa shangazi. Mjomba aliyekuwa nesi alisema yule dada kafiwa na watoto wawili mfululizo na hakulia, sasa mwili unalia. Shangazi mwenyewe alisema "mgeni wangu", basi, hakuongeza neno mpaka anakufa. Hao wote walikuwa nyumba moja, wanakula sinia moja, miaka zaidi ya 20 hawakukubaliana hata siku moja yule ni nani, na kila mwaka ukifika mwezi wake chano kinaandaliwa, na mjomba nesi ndo anatoa hela ya halua.

Hapo ndo nimejifunza kuandika miungu, kuliko kwenye kitabu chochote. Utaratibu unajulikana na wote, maana yake haijulikani na yeyote, na katikati yake watu wanaishi. Dunia ya kubuni ambayo watu wake wote wanakubaliana mungu wao ni nani na anaweza nini, hiyo si dunia, ni maelezo ya matumizi ya dawa. Weka ndani ya hadithi yako mwalimu, fundi na nesi, kila mmoja awe mkweli na kila mmoja awe na sehemu ya ushahidi, na wewe mwandishi usimnong'oneze msomaji nani kapatia. Hata kama unajua. Mimi nasema hata wewe usijue.

Kuna mwandishi mmoja wa zamani wa Ireland, Lord Dunsany, 1905 alitoa kitabu kidogo cha miungu ya kubuni, The Gods of Pegāna, kabla hata fantasia haijawa biashara. Mungu wake mkubwa kaumba miungu midogo kisha kalala, na pembeni kuna mpiga ngoma anapiga bila kupumzika, na siku akiacha kupiga mungu ataamka na dunia zote na miungu midogo yote itaisha. Niliposoma hilo nilicheka kwa furaha maana kwetu ngoma inafanya kazi kinyume kabisa, kwetu ngoma inaamsha, inaita, pepo wako mbali unamvuta kwa mdundo wake, na kule ngoma inamzuia asiamke. Lakini tazama namna alivyojenga. Nguvu za yule mungu hazikutajwa hata moja. Tunachokijua ni kazi ya mpiga ngoma. Mikono yake inachoka? Analala? Ukimfikiria yule mpiga ngoma dakika mbili tu unaogopa, na aliyelala hajafanya chochote.

Nije kwenye mambo ya batini sasa, yaani ya ndani ya roho, maana hapa ndo naona tumepotea zaidi. Kwenye fantasia nyingi mtu wa siri, sijui mtawa, sijui mzee wa mlimani mwenye ndevu, ni mtu anayejua taarifa ambazo wengine hawana. Kasoma gombo lililofichwa, anajua jina la siri, akilitamka mlango unafunguka. Huyo si mtu wa batini, huyo ni mganga, na wala sisemi kwa dharau, mganga ana kazi yake, anataka kitu fulani kitokee na anajua njia. Mtu wa batini hataki kitu. Pwani yetu tunao mfano. Bagamoyo palikuwa na Sheikh Yahya bin Abdallah, wengi wanamjua kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa pwani akiwa mtumwa kutoka Manyema huko Kongo, akajisomea, akaja kuwa khalifa, yaani kiongozi, mkubwa wa tariqa ya Kadiria, njia ya Masufi, mpaka alipofariki 1931. Mtumwa! Waungwana wa mji wakawa wanakuja kukaa chini yake. Na ukikaa kwenye zikri za Kadiria utaona, hakuna siri inayofundishwa pale, maneno ni yale yale ambayo mtoto wa miaka mitano anayajua, la ilaha illa Llah, yanarudiwa, yanarudiwa, pumzi za watu 50 zinakuwa pumzi moja, kichwa kinakwenda na kurudi, na kinachobadilika si kile unachokijua, ni wewe. Masufi wanaita fanaa, kuisha. Mtu anaingia ana jina, ana madeni, ana ugomvi na jirani, na kwa muda kidogo yule mtu hayupo.

Sasa nani kwenye riwaya zetu kaandika hilo? Mhusika anayemkaribia mungu akarudi hana jipya la kusema, hana nguvu mpya, hana upanga unaowaka, ila mkewe akimtazama anajua huyu aliyerudi si yule. Nadhani tunaogopa kuliandika kwa sababu halisogezi vita mbele. Mimi naona linasogeza kila kitu. Mke afanye nini na mtu huyo? Atamkasirikia mungu kwa kumchukulia mume huku mume yupo sebuleni anakunywa chai?

Jambo jingine ni huu mgawanyo wa mungu wa wema na mungu wa ubaya. Pandeni Usambara. Wasambaa wana maneno mawili, kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu, na hayo mawili yalikuwa ya mtu yule yule, mfalme wa ukoo wa Kilindi, mwenye mvua. Aliyeweza kuileta ndo aliyeweza kuizuia. Mvua ikiwa chini ya mkono mmoja uliotulia nchi inapona, wakitokea wawili wanashindana nguvu kwa nguvu, kila mmoja na dawa zake za mvua, nchi inaumia hata kama wote wawili ni watu wazuri. Na Mbegha mwenyewe, baba wa ukoo huo, simulizi inasema alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota, mtoto wa namna hiyo alihesabiwa ni balaa, kwao Nguu akakimbia, akaja milimani na nyama ya nguruwe anawagawia watu, akaua simba, wakampa nchi. Aliyekuwa balaa huku kawa uponyaji kule. Kijana wetu kwenye kaunta buku lake alikuwa na mungu wa mavuno na mungu wa njaa, kurasa mbili tofauti. Nilimwambia azibandike ziwe ukurasa mmoja.

Ile staili ya mungu anayepata nguvu kwa kuaminiwa, wafuasi wakipungua naye anakonda, siipendi na sitakaa nayo sana. Inaonekana ya kina lakini ukiiangalia imemgeuza mungu kuwa mwenye duka, na msomaji akishajua bomba liko wapi siri imekwisha.

Kuna wanaoniuliza, wewe muislamu unaandikaje miungu? Ni swali la haki, nililiuliza mwenyewe miaka. Lugha yetu imelibeba kwa namna ya ajabu, mungu na miungu ni umbo la mti na miti, mto na mito, mwezi na miezi, lakini tunasema Mungu anajua, hatusemi unajua, tunamsemea kwa upatanisho wa mtu na umbo lake si la ngeli ya watu. Kama mtume na mitume. Jibu langu ni kwamba sifa za Mwenyezi Mungu zina mwenyewe, ana majina 99 na mimi sina ruhusa ya kuchukua hata moja nikamvisha samaki wa kwenye daftari. Ninachoandika mimi ni waja. Hofu yao, njaa yao, mkono unaotetemeka ukiweka chupa. Ndo maana pia nakataa ile ya Nguvu 95 Hekima 80, mtu anadhani anatia chumvi hadithi, kumbe anagawa sifa kama pipi.

Wenzangu wananipinga kwamba msomaji anataka kanuni, bila kanuni mungu anaweza kufanya lolote na hadithi inakuwa haina maana. Kweli kabisa! Ila kanuni ziko kwenye ibada. Chano kikikosewa mgeni haji. Nadhiri isipolipwa ulichopewa kinarudi. Mfalme wa mvua akiwa na mshindani nchi inaumia. Hizo ni kanuni ngumu kuliko pointi, kwa sababu zinamgharimu mtu, na gharama ndo hadithi.

Wiki mbili baadae kijana karudi. Ukurasa wa silikanti kaufuta namba zote, picha kaiacha. Kaandika: jahazi likiwa linavuka mwamba nahodha anamwaga konzi ya kwanza ya mchele majini na hasemi kitu. Nyumbani mkewe hafagii mpaka habari zije. Na atakayelitamka jina la mwenye maji akiwa ndani ya chombo, hata akiwa mtoto wa nahodha, anashushwa kisiwa cha kwanza kinachoonekana na chombo kinaendelea. Kisha kafungua sura mpya, mtoto wa nahodha ana miaka 7, kalisikia jina kwa bibi yake, na wako katikati ya safari, na mtoto anaimba.

Tukabishana mpaka saa 5 usiku nahodha angemshusha au asingemshusha. Kahawa ilishapoa. Mmoja wetu ambaye baba yake ni mvuvi wa Sahare alikuwa kimya muda wote, mwisho akasema angemshusha, mbele ya mabaharia wote angemshusha, halafu usiku ule ule angerudi kumchukua peke yake kwa ngalawa, bila taa.